Taa ya Bleu

Sahani mbili zilikaa siku ya tano juu ya kabati la vyombo, moja imelala, nyingine imeifunika kama gamba la kobe. Mama yake Mapalo alifuta vumbi kila asubuhi, na kila asubuhi kitambaa chake kilizizunguka. Hakuna aliyekatazwa kuzigusa. Lakini katika nyumba ile kila mtu alijua kwamba nsalamu, sahani za posa, haiguswi mpaka msichana mwenyewe aseme neno.

Zililetwa Jumatatu na mshenga, mzee Chomba, mtu mpole mwenye koti moja la sherehe, kwa niaba ya Michée Kabamba wa ng'ambo ya ziwa. Ndani mlikuwa na uzi wa shanga nyeupe na sarafu moja ya desturi. Msichana akikubali, huchukua kilichomo na sahani hurudi tupu. Akikataa, zinarudi kama zilivyokuja, na mshenga hunyanyuka akaenda zake bila kuuliza sababu. Mzee Chomba alisema atarudi Jumamosi mchana. Leo ilikuwa Ijumaa.

Mapalo alikuwa na jibu lake tangu Jumatatu ile ile. Alichosubiri ni mjomba wake, ba Yama Ackson, ambaye kwa desturi yao ndiye mwenye neno kuliko hata baba, naye bado alikuwa amekaza uso. Hakumchukia Michée. Alisema tu, huku akichokoa meno, kwamba Mkongomani ni kama chisense, wale dagaa wa ziwani. Leo wamejaa wavu wako, kesho wamehamia upande wao, na maji hayakwambii wamepita wapi.

"Mwanangu, mwanamume ambaye nyumba yake iko nyuma ya maji," alimwambia, "siku ya shida anajua boti iko wapi."

Upande wa pili nako kulikuwa na neno, na neno hilo Mapalo alijitakia mwenyewe. Mwezi wa tatu alialikwa chakula kwa mama yake Michée, Mama Colette, mfanyabiashara wa vitenge ambaye sauti yake ilifika sokoni kabla yake. Aliulizwa anafanya kazi gani huko mjini Mansa. Mapalo Kiswahili chake alikiokota utotoni kwenye meza ya mama yake, akiwauzia Wakongomani chisense. Akajibu kwa neno la kwanza lililomjia.

"Niko natumika mu mambo ya mionzi, Mama."

Mama Colette aliweka kijiko chini. Katika masikio yake mionzi ni kitu kimoja tu, ile mashine ya picha ya mifupa inayokausha tumbo la mwanamke. Mapalo akajaribu kurekebisha. Alieleza kwamba mionzi iko ya namna mbili. Iko ile ya picha, inayopenya mpaka ndani ya mwili na kuvunjavunja vitu vidogo visivyoonekana. Na iko hii nyingine, ya mwanga wa taa, ya laser, ya sumaku kubwa, ambayo haina nguvu ya kuvunja namna ile. Yeye ni mwanasayansi wa hospitali, kazi yake ni hii ya pili: kupita na kipimo chake kutoka wilaya hadi wilaya, akiangalia kwamba mashine hizo zinatibu bila kumuumiza mgonjwa wala muuguzi.

Mama Colette alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Bien. Na kama haivunji, unachunga batu na nini?"

Meza nzima ilicheka, na Michée naye alicheka. Tangu siku ile jina lake katika nyumba ile likawa docteur wa taa.

*

Asubuhi hiyo ya Ijumaa alikuwa na zamu ya kupima taa za kituo kimoja kidogo cha uzazi, jirani na soko la samaki. Nyuma ya wodi kulikuwa na majiko ya kukaushia samaki, na moshi wake uliingia madirishani bila kubisha hodi. Alimkuta muuguzi wa zamu, Sista Felistus, macho mekundu kama pilipili, akijipangusa kwa kona ya aproni.

"Moshi huu utatuua," Felistus alisema. "Tangu jana jioni ni kama mtu amenimwagia mchanga machoni."

Kitandani alikaa Suzanne, dada mkubwa wa Michée, aliyejifungua siku tano zilizopita. Yeye pia alikuwa akifumba na kufumbua macho. Mbele yake, chini ya taa iliyoning'inia kwenye chuma, alilala binti yake mdogo ambaye bado hakuwa na jina, uchi isipokuwa nepi na kitambaa cheupe kilichofungwa machoni. Mtoto alikuwa na manjano. Kwa manjano ya watoto wachanga dawa ni mwanga wa bluu: unaipiga ngozi, nayo ile rangi ndani ya damu inayeyuka polepole. Ni tiba safi. Mapalo aliipenda kuliko zote katika kazi yake. Aliwahi kumwambia Michée kwamba hakuna dawa nyingine duniani ambayo mgonjwa anainywa kwa mgongo.

Alisalimia, akatoa kipimo, akakiweka pale mwanga ulipoangukia godoro. Namba ikatokea, ndogo mno. Akadhani betri zimechoka. Akabadilisha betri. Namba ikabaki pale pale.

Hapo ndipo alipomgeuza mtoto taratibu. Mgongo wake ulikuwa mwekundu, mwekundu wa kitu kilichoungua, na mpaka wa nepi umechorwa kama kwa kalamu.

"Ni joto," Felistus alisema nyuma yake. "Jana tulimlaza kifudifudi chini ya taa, na umeme ukikatika humu ndani panakuwa kama tanuri."

Mapalo alikuwa amezaliwa katika moshi wa samaki. Aliujua. Moshi unakutoa machozi ukiwa ndani yake, na ukitoka nje unakusahau. Hauji na mchanga, tena hausubiri jioni. Akauliza umeme ulirudi saa ngapi jana. Saa tatu asubuhi, ukakatika saa sita, na leo ulikuwa umerudi muda mfupi tu uliopita. Akauliza taa ilibadilishwa mirija lini. Juzi, miwili kati ya minne, ile mingine ilikuwa imekufa zamani. Na kile kifuniko cha plastiki cha chini? Kilipasuka mwaka jana, kikatolewa.

Alizima taa. Alipoisogezea pua ile mirija alisikia harufu hafifu, kama ya hewa baada ya radi kupiga, harufu ambayo samaki na moshi walikuwa wameificha. Mrija wa kweli wa tiba ya manjano umepakwa unga mweupe kwa ndani. Miwili hii ilikuwa kioo kitupu, angeweza kuuona ukucha wake upande wa pili. Ikiwaka inatoa bluu hafifu, nzuri machoni. Lakini ile bluu ni salamu tu. Mwenyewe, ule mwanga unaochoma, haonekani. Ni mirija ya kuulia vijidudu katika vyumba ambamo hamna mtu, nayo haijui kutofautisha ngozi wala macho na vijidudu.

"Unazima taa ya mutoto?" Suzanne alisimama. "Mapalo, ni taa njo inamuponyesha."

Mapalo alimshika mikono, akamwambia polepole, kwa maneno machache. Kisha akafanya kazi. Daktari akaitwa, akaupaka mgongo wa mtoto marhamu na kusema kwamba ngozi itabambuka lakini itarudi, Mungu aliwasaidia umeme ukakatika, na kile kitambaa kimeyaokoa macho yake. Stoo mlikuwa na taa nyingine ndogo ya bluu, isiyopendwa kwa sababu ya udogo wake. Mapalo aliipima, akaishusha mpaka shubiri mbili juu ya mtoto, akapima tena. Namba ikapanda mpaka palipotakiwa. Akapiga simu Mansa walete taa kubwa kesho yake.

Ndipo akamuuliza Felistus swali alilokuwa akiliogopa tangu alipoiona ile mirija. Nani ameileta?

Felistus alitazama sakafuni. "Michée," alisema. "Wako. Mtunza stoo alimwagiza taa ya bluu ya hospitali, akaleta kutoka kwao. Alinunua sita. Miwili ametupatia bure, kwa ajili ya mtoto wa dada yake."

"Na minne?"

"Hiyo sijui alipeleka wapi."

*

Mama Colette alifika na uji wa Suzanne, binti yake, kabla Mapalo hajamaliza kujaza fomu. Naye macho yake yalikuwa yamevimba, kwa kuwa jana alikaa kando ya taa saa zote tatu akimwimbia mtoto. Suzanne alimweleza habari yote. Mama Colette aliufunua mgongo wa mtoto, akautazama kwa muda mrefu, akaufunika. Alipogeuka, hakuwa na sauti ya sokoni.

"Taa ilikuya na mutoto wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa roho nzuri."

"Ninajua. Walimwambia bleu, na ile inawaka bleu. Hata mimi gizani ningedanganyika."

"Donc, mu karatasi yako andika taa iliharibika. Si iliharibika? Haiko kudanganya."

Fomu ilikuwa na mstari unaouliza hitilafu ni ya aina gani, na mstari mwingine unaouliza kifaa kimeletwa na nani. Mstari wa pili ulikuwa bado mweupe.

"Jina yake ikiingia mule," Mama Colette aliendelea, "hapa Nchelenge hatauzisha tena hata sindano. Batasema Mukongomani alikuya kuchoma batoto babo. Batu habasomi mpaka mwisho, binti. Banasoma jina." Alimsogelea. "Sahani yake iko mu nyumba yenu. Unaandika vile mutu mwenye sahani yake iko mu nyumba yenu?"

Hilo ndilo lililomchoma. Si kwa kuwa lilikuwa la hila. Lilikuwa la kweli. Mapalo alifunga faili lake bila kujibu, akainama kidogo kwa heshima, akatoka.

*

Pwani ya ziwa ilikuwa imetandikwa chisense juani, fedha tupu, toka kwenye njia mpaka majini, na wanawake waliinama wakiwageuza kwa fagio laini. Michée alikuwa kando ya boti yake ya injini, anapakia makatoni ya sabuni. Alipomwona alitabasamu, halafu tabasamu likasimama njiani. Alimjua. Hapa ndipo walipokutana mara ya kwanza, miaka miwili nyuma, Mapalo akiuliza bei, Michée akicheka Kiswahili chake cha kuongeza na kupunguza. Mapalo alijua kusema weka ingine, alijua kusema huyu ameoza, lakini hakujua kusema nimekukumbuka. Mengine yote Michée ndiye aliyemfundisha.

"Ulikuya kama nani?" aliuliza. "Kama Mapalo ao kama docteur?"

"Wote wawili."

"Sema."

Alimwambia. Alimwambia kwanza kwamba mtoto atapona, kisha yaliyobaki. Michée aliweka chini katoni aliyokuwa ameishika, akakaa juu yake, na sabuni zikalia chini ya uzito wake. Mwanamke aliyekuwa karibu nao alisogeza fagio lake mbali kidogo, kwa adabu.

"Nilimuuliza muuzishaji mara mbili," alisema mwishowe. "Nikamwambia, ni ya hopitali? Akasema, ni ya hopitali. Nikamwambia, iko bleu? Akawasha. Ikakuwa bleu." Alitazama viganja vyake. "Nilibeba ile kioo mu mikono, Mapalo. Boti ikiruka, naibeba mu mikono kama yai. Ju ya mutoto wa yaya Suzanne."

Mapalo alitaka kumgusa bega. Hakumgusa. Alihisi kwamba akimgusa, hatasema lililobaki.

"Mama yako ameniomba nisiandike jina lako."

"Na we ulimujibu nini?"

"Sikumjibu."

"Ju ya nini?"

"Kwa sababu nilitaka kukubali."

Michée aliinua macho. Walitazamana, na hapakuwa na haya katika kutazamana huko wala tamaa, ila kitu kizito kuliko vyote viwili, kama watu wawili walioshika ncha mbili za mzigo na kila mmoja anangoja mwenzake aseme tuinue. Upepo ulitikisa turubai za bluu. Mapalo aliendelea kwa sauti ya chini.

"Nilisimama pale nikahesabu. Nikasema, mtoto anapona, taa imezimwa, kuna ubaya gani nikiandika imeharibika? Halafu nikakumbuka kuna minne. Nikiandika imeharibika, hakuna atakayeitafuta minne." Akasogea hatua moja. "Iko wapi, Michée?"

Michée aligeuka akatazama ziwa, na kwa pumzi moja Mapalo aliogopa, si kwa ajili ya mirija, bali kwamba atamficha.

"Mununga," alisema. "Kanisa. Kwaya ya vijana walitaka bleu ju ya madhabahu. Watawasha Jumapili, saa zote za ibada. Batoto banasimama mbele." Akafunika uso kwa mikono, akaufunua. "Karatasi iko wapi?"

"Michée."

"Leta karatasi."

Alimpa faili. Michée alisoma kila mstari, midomo ikitembea, kwa kuwa fomu ilikuwa ya Kiingereza na Kiingereza chake kilikuwa cha kuazima. Alipofika kwenye ule mstari mweupe aliuwekea kidole.

"Andika."

Mapalo aliandika. Aliharakisha, kama mtu anayechomoa mwiba. Michée aliinama kutazama, na kwa mara ya kwanza mchana ule kona ya mdomo wake ilisogea.

"Tena umeandika Miche. Mi niko miche ya mihogo?"

Ulikuwa ni mzaha wao wa zamani. Katika simu Mapalo hakuwahi kuhangaika na herufi za Kifaransa, aliandika Miche, na Michée akawa anajibu kila mara: mumwagilie maji basi. Mapalo alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

"Usilie," Michée alisema. "Kama unaniandika mu mambo mabaya, uniandike muzima. Kesho batasema kulikuwa mutu moja, Miche fulani, habajui ni nani. Hapana. Ni mi. Tia é yangu, na ile e ya nyuma."

Alitia é. Alitia na e ya nyuma, na Kabamba, na namba ya simu. Chini yake Michée aliandika kwa mkono wake kwamba mirija mingine minne iko Mununga na kwamba anakwenda kuitoa yeye mwenyewe. Akatia sahihi. Fomu ilikuwa na nakala, akaichana ile nakala kwa uangalifu na kumrudishia.

"Hii ni ya mama. Umusomee. Usimupatie tu, umusomee."

Alianza kushusha makatoni ya sabuni ili boti iwe nyepesi. Mapalo alimsaidia. Walifanya kazi mpaka boti ilipobaki tupu, na mwanamke wa fagio akasema bila kuulizwa kwamba ataziangalia sabuni.

"Sahani," Michée alisema, mguu mmoja ukiwa majini. "Kama zinarudi vile zilikuya, nitaelewa. Mais usizirudishe ju ya mama. Wala ju ya taa. Ukirudisha, rudisha ju yangu."

"Utarudi lini?"

"Nikimaliza."

Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Mapalo alisimama pale mpaka boti ikawa doa, na doa likaelekea kaskazini, upande wa Mununga. Au upande wa kwao. Kutoka ufukweni, mtu hawezi kutofautisha mapema.

*

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Jumamosi asubuhi ba Yama Ackson alikuja amevaa shati la kanisani, akaketi, akakataa chai. Alisema amesikia. Taa zimemchoma mtoto, na mwenye taa ameonekana akitupa mizigo yake pwani na kupanda boti. Hakusema kwa furaha, Mapalo alimwonea hata huruma jinsi alivyosema. Alikuwa amemlea tangu baba yake alipofariki, na hakutaka neno lake litimie katika jambo hili.

"Nilikwambia juu ya maji," alisema.

"Amekwenda Mununga, ba Yama. Kutoa zilizobaki."

"Alikwambia hivyo."

"Ndiyo."

"Na simu yake?"

Simu yake ilikuwa imezimwa usiku kucha. Saa nne ilikuwa bado imezimwa. Mama alipita na kitambaa chake, akafuta kabati, akazizunguka sahani. Saa tano na nusu simu ya Mapalo ilitetemeka. Ilikuwa picha: mirija minne ya kioo imelazwa juu ya benchi la kanisa, imefungwa kwa kitenge kama watoto waliolala. Chini yake maneno machache. *Pasteur amekasirika sana. Anasema nibakie mpaka Jumapili, nielezee kanisa yote mi mwenyewe. Nitabakia.*

Alimpa mjomba simu. Ba Yama Ackson alitazama ile picha, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Jumapili," alisema. "Maana yake leo mshenga anakuja na mwenyewe hayupo."

"Hayupo."

"Na unajua wanayomwandalia huko? Watu wazima watamzomea mbele ya watoto wao."

"Najua."

Mjomba alirudisha simu. Kisha akamwomba dada yake ile chai aliyoikataa. Hakusema ndiyo. Kwa wanaomjua, chai ile ilitosha.

Mapalo aliinuka. Aliishusha sahani ya juu, akautoa uzi wa shanga nyeupe, akauvaa mkononi, na sarafu akampa mama yake aliyekuwa amesimama na kitambaa kikimwaga maji sakafuni. Kisha akaosha sahani zote mbili, akazipangusa, akazifunika mezani kama zilivyokuwa. Kwa nje hakuna ambaye angejua tofauti.

Mzee Chomba alifika mchana, lakini hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa Mama Colette, kitambaa cheusi cha kichwani kimeshushwa mpaka karibu na macho yaliyovimba kuliko jana, anaongozwa kwa mkono. Mzee wa watu alifadhaika, akawaambia kwamba tangu aanze kazi ya ushenga hajapata kuona mama mkwe anakuja kuchukua sahani mwenyewe. Mama Colette hakungoja kukaribishwa mara mbili.

"Nilikuya kuzibeba mi mwenyewe," alisema. "Kama ni aibu, inipate mi. Mutoto wangu haiko hapa."

Mapalo aliuliza habari za mjukuu. Alinyonya vizuri usiku, Mama Colette alisema, manjano inashuka, ngozi ya mgongo inaanza kutoka kama ya kitunguu. Akaongeza, akitazama mahali ambapo Mapalo hakuwepo, kwa kuwa macho yalikuwa bado hayaoni sawasawa:

"Siku ile nilikuuliza unachunga batu na nini. Batu walicheka."

"Nakumbuka, Mama."

"Mi pia nilicheka."

Mapalo alitoa nakala kwenye faili. Alipiga magoti kando ya kiti, kama mtoto wa nyumba, na akamwambia kwamba Michée ameagiza asomewe. Mama Colette aliitikia kwa kichwa. Mapalo akasoma, akitafsiri kila mstari kwa Kiswahili cha sokoni, kile cha kuongeza na kupunguza, asiruke chochote: mirija miwili, saa tatu za kuwaka, mgongo wa mtoto, macho ya watu watatu. Kisha akafika pale.

"Imeletwa na Michée Kabamba."

Alilitamka lote, na é yake, jinsi mwenyewe alivyomfundisha pwani. Mama Colette aliinua kichwa. Jina lile alilichagua yeye, peke yake, katika chumba fulani ng'ambo ya maji, siku aliyojifungua na hakuna aliyekuwa pamoja naye.

"Na chini?"

"Chini ameandika mwenyewe. Iko minne Mununga, na atakwenda kuitoa kwa mikono yake. Ametia sahihi."

Mkono wa mama yule ulipapasa, ukatafuta karatasi, ukakuta kwanza kifundo cha mkono wa Mapalo, na zile shanga za nsalamu. Vidole vilisimama juu ya shanga. Vilizihesabu, moja moja, bila haraka, mpaka zikazunguka. Mezani zile sahani zilikuwa bado zimefunikwa, na mzee Chomba, aliyekuwa ameanza kunyanyuka, akaketi tena.

"Soma tena," Mama Colette alisema. "Pale pa jina."